Mbio za Nyika Katika Miwa

Kabla sijaingia katika kisa changu, acha kwanza nilieleze jina lenyewe, kwa maana hili ni jarida la chama cha Kiswahili wala si la chama cha riadha. Mbio zinazopita mashambani, vichakani, mitoni na kwenye matope tunaziita mbio za nyika. Nyika ni nchi kavu yenye miiba, kama ile iliyo nyuma ya pwani yetu ya Kenya. Watu wa pwani zamani waliwaita majirani zao Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, na leo tunawaita Wamijikenda. Sasa mgeni akija kwetu Rongo na kuuliza nyika iko wapi, atachekwa. Hapa mvua ikianza hata kuku hukataa kutoka. Kuna miwa, kuna mahindi, kuna migomba na mikaratusi, na katikati ya hayo yote kuna vijia vyekundu vinavyopinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Nyika hakuna, lakini mbio za nyika tunazo, na mimi nilizipenda kuliko githeri ya mchana.

Kwa wasiopajua kwetu, Rongo iko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Papo hapo mjini inachipuka barabara nyingine ya kwenda Homa Bay. Tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Si haba, ingawa hatuwezi kujilinganisha na Iten, ambako ni kama mita 2,400. Upande wa mashariki tunaiona milima ya Kisii, na huko ndiko walikotoka wanaume wa mbio. Nyandika Maiyoro alikimbia Melbourne mwaka wa 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Naftali Temu naye ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mita 10,000, kule Mexico mwaka wa 1968. Lakini ukitamka mambo hayo mbele ya wavulana wa kwetu watakujibu, "Omera, mbio ni za Wakisii na Wakalenjin. Sisi tucheze mpira." Nilichoka na maneno hayo. Nilitaka nivae fulana ya shule, mgongoni niwe na nambari, niwaonyeshe kwamba hata mtoto wa Kamagambo ana mapafu.

Njia yetu ilikuwa na urefu wa kilomita 8. Mwalimu wa michezo aliipima kwa pikipiki, na pale pikipiki iliposhindwa akapima kwa hatua. Unaanzia uwanja wa mpira, unatoka langoni, unashika barabara ya udongo kama kilomita mbili hivi, halafu unaiacha pale ambapo matrekta ya miwa hugeukia. Hapo unamezwa. Ndugu msomaji, kama hujawahi kukimbia katikati ya miwa iliyokomaa huwezi kujua maana ya kumezwa. Miwa ya kwetu hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi kabla ya kukatwa na kupelekwa kiwandani Awendo, na ikifika umri huo inampita mtu mrefu mara mbili. Upepo haungii. Unasikia pumzi zako mwenyewe na zile za mtu wa nyuma, basi. Majani yake yana makali kama wembe. Mkono ukigusa tu unachorwa mistari, na jasho likiingia kwenye ile mistari utacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Tena miwa ina ujanja wake. Njia uliyoizoea muhula huu, muhula ujao huijui. Shamba likikatwa unaona nyumba ambazo hukujua kwamba zipo. Likichipuka tena unapotea mahali ulipozaliwa. Kwa sababu hiyo mwalimu alitaka njia iwekewe alama.

Mwanzoni alijaribu karatasi. Alikuwa ametusimulia kwamba Waingereza ndio walioanza mbio hizi kama mchezo wa wanafunzi, uitwao Sungura na Mbwa. Wavulana wawili, ndio sungura, walitangulia na mifuko ya vipande vya karatasi, wakivimwaga njiani kupita mashambani na msituni. Wengine, ndio mbwa, waliwafuata kwa kuokota macho kwenye zile karatasi. Katika shule ya Rugby kuna mbio zilizoanza tangu miaka ya 1830 na zinaitwa Crick Run. Mwaka wa 1868 ikaundwa klabu ya Thames Hare and Hounds, ambayo njia zake hupita Wimbledon Common, London. Wao huko wana namna yao ya nyika, yaani uwanda wa vichaka vifupi na nyasi ngumu, ambao maua yake yakichanua hugeuka zambarau. Na kando yake misitu, na kati ya misitu matope. Mimi nilipenda sana kusikia kwamba hata wao hukanyaga matope.

Basi tulichana madaftari ya zamani gunia zima tukamwaga njia nzima. Masalale! Mbuzi wakala nusu, watoto wa shule ya msingi wakaokota nusu nyingine wasome majibu ya hesabu. Wakimbiaji watatu walitokea sokoni. Tangu siku hiyo tukatumia jivu la jikoni mwa shule. Jivu haliliwi na mbuzi, wala halina majibu ya hesabu. Unalimwaga kwa kopo pale njia inapogawanyika, mstari mweupe upande wa kufuata.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2023, nami niko Kidato cha Pili. Shule jirani ilikuwa imetualika kwa mbio za Ijumaa iliyofuata, na sisi tulikuwa tunachagua timu. Timu ni watu sita, na wote sita huhesabiwa: nafasi ya kila mmoja inajumlishwa na ya wenzake, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Ukikosa mtu mmoja, hesabu yenu haipo. Kwa hesabu ya namna hiyo ndiyo wanaume wa Kenya walivyotwaa ubingwa wa timu wa mbio za nyika za dunia kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003. Kwa hiyo sita wa kwanza wangekwenda, wa saba angebaki kufua soksi.

Kipyenga kikalia. Tulitimua mbio kama arobaini hivi, vumbi likapanda. Mimi nilianza kwa kasi ya mtu aliyeona chatu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nalo ni kosa la kitoto tu. Tulipofika kijitoni, ambako kiranja mmoja alisimama akiandika majina, nilikuwa wa nne. Ng'ambo ya kijito kuna kilima cha mikaratusi, na huko ndiko wengi hutapika. Miguu yangu ikawa ya udongo. Mmoja akanipita, wa pili akanipita, wa tatu akanipita. Karibu na kileleni akanipita kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwembamba, miguu mitupu, anapumua kwa pua kama mtu aliyelala. Hakuniangalia. Nikawa wa nane.

Kutoka kilele cha mikaratusi, jivu linakwenda kushoto, kulizunguka shamba kubwa la miwa hadi kwenye mti mmoja wa ng'owo, halafu linarudi kufuata ua wa minyaa mpaka kwenye barabara. Mzunguko huo ni karibu kilomita nzima. Hakuna kiranja hapo. Kiranja wa pili alikuwa mbele kabisa, penye barabara. Na mimi nilijua kitu ambacho wenzangu hawakukijua. Katikati ya shamba lile inapita njia ya trekta, imenyooka kama rula, na mwisho wake kwenye ule ua kuna tundu la mbwa. Nilijua kwa sababu hukata nyasi za ng'ombe wa bibi yangu upande huo tangu nikiwa darasa la nne.

Nilisimama penye jivu. Nyuma yangu hakukuwa na mtu aliyeonekana. Nisiseme uongo, sikufikiri kwa muda mrefu. Nikaingia miwani.

Nilifika kwenye ua mapema kupita kiasi. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Ningetokea wakati ule ningekuwa wa kwanza, na hata mjinga angeshangaa. Basi nikachutama nyuma ya ua. Nikalivunja tawi moja lililoziba tundu, nikatulia, nikawa nahesabu miguu inayopita upande wa pili. Jozi ya kwanza. Ya pili na ya tatu zikaja pamoja. Ya nne. Nikafuta jasho usoni kwa mkono. Ya tano. Sikungoja ya sita. Nikajipenyeza, nikashika njia, nikakimbia kwa nguvu mpya kabisa, maana nilikuwa nimepumzika vizuri.

Nilimaliza wa sita. Yule kijana wa miguu mitupu alimaliza wa saba, hatua kama ishirini nyuma yangu. Watu walipiga makofi. Nami nilikuwa nimeanza kulia, lakini machozi ya jicho moja tu.

Anayeujua mnyaa ameshaelewa. Sisi tunauita ojuok. Hauna majani ya maana, ni vijiti vya kijani tu, na ukivivunja vinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu ule ukiingia jichoni, utaomba jicho ling'olewe. Nilikuwa nimevunja tawi kwa mkono, na kwa mkono uleule nimefuta jasho.

"Jicho lina nini?" mwalimu akauliza.

"Vumbi, mwalimu."

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshika uso. Bibi yangu aliniketisha kwenye kigoda, akanishika kichwa kama anayemshika ndama, akamwaga maji jichoni kata baada ya kata. Hakuniuliza kitu mpaka mtungi ulipokwisha.

"Nyakwara," akasema, "hii si vumbi. Hii ni ojuok. Ulikuwa unatafuta nini kwa ua ya watu?"

"Nilikuwa nakimbia, dani."

"Mbio inapita ndani ya ua?"

Nikafyata ulimi.

Jumapili nzima nililala na kitambaa usoni. Jioni redio ya jirani ikapaaza sauti: Kelvin Kiptum ameivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, saa 2 dakika 0 na sekunde 35. Hakuna mwanadamu aliyekuwa ameikimbia marathoni ya mashindano kwa chini ya saa 2 na dakika 1 kabla yake. Watu walishangilia hadi barabarani, bodaboda zikapiga honi. Mimi niko gizani na jicho langu, najua kwamba nimekuwa wa sita katika mbio za watu arobaini baada ya kuchutama nyuma ya ua.

Jumatatu nilipata dawa ya matone. Jicho halikupofuka, namshukuru Mungu, ila lilikuwa jekundu kama pilipili. Asubuhi hiyohiyo majina yalisomwa paredi. Langu likasomwa. Nikapigiwa makofi, nikainama kama mtu mnyenyekevu. Mwalimu akatuma majina sita kwa wenyeji wetu, kwa kuwa waliyataka siku hiyo waandike nambari.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza pia, na pengine ningeendelea kunyamaza mpaka leo. Lakini jioni hiyo nilikuwa naosha miguu kwenye bomba, akaja yule kijana wa Kidato cha Kwanza. Akasimama kando.

"Kaka, jicho linaendeleaje?"

"Linapona."

"Nasikia njia ya kule ina mawe mengi. Utayaona kweli?"

Niliyaangalia macho yake nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kama nitayaona mawe. Akaenda zake.

Sikulala usiku ule. Alhamisi wakati wa chai nilienda kwa mwalimu nikamweleza yote: jivu, trekta, tundu la mbwa, hata kule kuhesabu miguu, ambako ndiko kulikonitoa jasho kulieleza. Nilidhani atafoka. Alichovya mkate wake kwenye chai, akautafuna mpaka ukaisha.

"Majina yalienda Jumatatu," akasema. "Nimeshaambiwa hakuna kubadilisha. Na yule kijana umemwambia?"

"Bado, mwalimu."

"Sasa mbona umekuja kwangu kwanza?"

Nikamtafuta. Nilimkuta nyuma ya bweni akianika shati. Nikamwambia, na nilipomaliza yeye akaendelea kulinyoosha shati lake kwenye kamba.

"Nilijua," akasema. "Nilikupita kwa mikaratusi. Halafu naona mgongo wako mbele tena, na majani ya miwa yamekwama kwa fulana."

"Mbona hukusema?"

"Nisemee nani? Mimi ni mono. Wangesema nimeshindwa nikaanza fitina."

Sikuwa na la kujibu, na sasa bado sina.

Ijumaa tulienda watano wa kukimbia na mmoja wa kushika masweta. Jicho lilikuwa halijafunguka sawasawa, kwa hiyo hata kama ningetaka nisingeweza kukimbia. Njia yao kweli ilikuwa na mawe. Mtu wetu wa kwanza alikuwa wa pili kati ya wote, na wa pili wetu alikuwa wa saba. Tungekuwa na mtu wa sita, yeyote, hata wa kutembea, tungekuwa na hesabu. Mwenye kipaza sauti alizisoma timu zote, na yetu hakuisoma. Wenzangu wakaanza kunung'unika ndani ya matatu kwamba tumeonewa, kwamba wenyeji wana ubaguzi. Ikabidi nisimame, kichwa kikigonga paa la gari, niwaambie sababu. Kulikuwa kimya hadi tulipokaribia Rongo. Kisha mmoja akasema, "Kumbe sisi tulikuwa na Sungura." Wakacheka, na kicheko chao hakikuwa kizuri. Jina likashika mwaka mzima. Mwalimu alikuwa ametusimulia sungura wa Waingereza, anayemwaga alama ili wengine waione njia. Nao walinipa jina la sungura wa hadithi za bibi zetu, yule Apuoyo.

Tarehe 11 Februari 2024, Jumapili usiku, Kiptum alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat, akiwa na miaka 24. Jumatatu jioni hatukuwa na mazoezi, lakini nilikwenda uwanjani tu, nikamkuta kijana yule amekwisha kufika. Hatukusemezana. Tuliikimbia njia nzima, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka kwenye ng'owo na kurudi. Alipunguza mwendo kwenye mikaratusi ili nisiachwe.

Tangu siku hiyo kazi ya kumwaga jivu ni yetu sisi wawili. Mwaka huo wa 2024 yeye alikuwa wa kwanza katika mbio za shule, akiwa na raba mguuni, na kwa kweli naona miguu mitupu ilimfaa zaidi. Mimi nilikuwa wa tisa. Wa tisa wa halali, nafasi ambayo haikwendi popote. Shamba lile kubwa limekatwa sasa, na ukisimama kileleni penye mikaratusi unauona mti wa ng'owo, unauona ua wote, unamwona hata mbwa akipita tunduni. Ni ajabu jinsi lilivyo dogo.

Juzi tulikuwa tunatia alama tena. Tulikuwa tumebeba madebe mawili ya jivu, na kwa kawaida kopo moja hutosha kila njia panda. Tulipofika kwenye tundu la ule ua wa minyaa, mwenzangu aliweka debe lake chini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaliinua na kulimwaga lote hapo, jivu lote, likawa kama kichuguu.

"Umemaliza jivu," nikamwambia. "Barabarani tutaweka nini?"

"Barabarani hakuna mtu anapotea," akasema, akajifuta mikono kwenye bukta yangu.